Nyumba ya Gubiti Iliyokwenda Bububu

Waliokuwa wakimchelewesha Bi Mwanapili barazani ni watu wazima, si watoto. Mtoto hununua gubiti, ile peremende ya sukari, akaitia mdomoni, akaenda zake. Mtu mzima huishika kwa vidole viwili, akaitazama michirizi yake myekundu juani, kisha akaanza: Idi ya mwaka fulani, Mnazi Mmoja, kanzu mpya, marehemu babu. Kulikuwa na mzee mmoja wa forodhani aliyekuja kila Ijumaa kununua gubiti moja tu, na haili. Huinusa, huifunga katika leso, huondoka. Nimepita bandari nyingi na nimeona peremende zikivutwa, zikitiwa rangi na kuuzwa kwa majina ya lugha kadhaa, lakini sijaona watu wanaoibebesha sukari kumbukumbu nyingi kama watu wa Unguja.

Alizitengeneza mwenyewe, ghorofani, katika nyumba ya mawe ya Mkunazini ambayo wenyewe walikuwa wameshahama na paa lake likivuja. Mimi nilipanga chumba cha chini, ndiyo maana mengi ya haya niliyaona na mengine nikahadithiwa na yeye. Sukari aliichemsha kwa maji na ndimu mpaka ifanye uzi, akaimimina juu ya kipande cha marumaru kilichopakwa samli. Ikishapoa kiasi cha mkono kustahamili, aliitundika kwenye msumari mkubwa wa ukutani akaanza kuivuta. Anavuta, anaikunja, anairudisha msumarini, anavuta tena, mpaka rangi ya asali inageuka nyeupe. Halafu huizungushia uzi mwembamba wa sukari iliyotiwa rangi nyekundu na kuikata kwa mkasi, vipande sawasawa. Viganja vyake vilikuwa vigumu hata alikuwa akishika kaa la moto bila kushituka.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, ameachika mwaka wa nne, na mtoto mmoja wa kike aitwaye Wanu. Wanu alikuwa na miaka saba. Meno mawili ya mbele hana, na sababu si gubiti, maana gubiti alikuwa hazigusi mpaka aulizwe mara tatu.

Hilo lilikuwa jambo la Mwanapili. Mtoto wa muuza gubiti, alisema, hafai kuonekana anatamani. Watu watasema mama yake anamnyima, au watasema anaonja kisha wao wanauziwa makombo. Kwa hivyo akiulizwa mara ya kwanza, jibu ni "Sitaki, ahsante." Akiulizwa tena, "Sitaki." Anayetaka kumpa kwa moyo atauliza mara ya tatu, na hapo ndipo Wanu anyooshe mikono yote miwili na kupokea. Akisahau, hufinywa paja chini ya kanga, kimya kimya, na mama anaendelea kucheka na wateja.

Bi Duni, jirani mzee aliyekuwa akiuza ubuyu kwenye baraza hiyo hiyo, alikuwa akimchokoza kila siku.

"Wanu, njoo nkupe gubiti."

"Sitaki, ahsante."

"Hutaki kweli?"

"Sitaki."

"Haya, basi naila mwenyewe." Bi Duni anaisogeza mpaka kwenye midomo, jicho moja kalifumba, na mtoto anatazama sakafu, koo linapanda na kushuka. "Enhe, hutaki hata kidogo?"

Hapo mikono miwili inatoka kama imefyatuliwa.

"Mwanapili," Bi Duni anasema, "huyu mtoto umemtia kufuli. Siku ukifa, ufunguo tutautafuta wapi?"

"Kwenye mfuko wako wa ubuyu, Bi Duni. Ndimo unamotia kila kitu."

Baba yake Wanu, Masoud, alikuwa fundi mwashi. Baada ya talaka alihamia Bububu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mikono yake, akamuoa Sichana, mwanamke wa Tumbatu mwenye watoto wanne. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akileta samaki, akileta nguo za Idi. Lakini Wanu alipotimiza miaka saba alisema sasa mtoto ameshakuwa na akili, na kama ilivyo desturi, aulizwe mwenyewe anataka kukaa na nani. Pande zote mbili zikamridhia shehe mmoja wa mtaa, mzee mpole aliyekuwa akisuluhisha mambo ya ndoa nyumbani kwake.

Mwanapili hakuogopa. "Aulizwe hata mara mia," aliniambia. "Analalia mkono wangu huyu. Nikiondoka kitandani anaamka."

Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, katika masika ya mwaka 1971. Mvua ilikuwa ikipiga bati la ua wa shehe. Mwanapili alimvisha Wanu gauni la Idi, akamsuka nywele, na njiani akamwambia neno ambalo baadaye alilirudia mbele yangu mpaka nikamwomba anyamaze. Alimwambia: "Uwe na adabu mbele ya shehe. Usinitie aibu."

Shehe aliwakalisha mkekani, baba huku, mama kule, mtoto katikati. Akawaambia wazazi wasitie neno.

"Shikamoo," alisema Wanu.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

"Wanu Masoud."

"Mashaallah. Wanu, nisikilize. Unataka kukaa na mama yako?"

"Sitaki, ahsante."

Masoud aliinua kichwa. Mwanapili alifungua mdomo, na shehe akamnyooshea kiganja.

"Humtaki mama yako?"

"Sitaki."

Mtoto alikuwa anatazama mkeka. Mwanapili anasema aliyaona mabega yake yakijiweka tayari, namna yanavyojiweka barazani, na mikono yote miwili ikiwa juu ya mapaja, viganja juu. Alikuwa anangoja. Lakini shehe hakuwa mtu wa kumhangaisha mtoto kwa swali moja, na alipouliza tena aliuliza jingine.

"Basi, utakwenda na baba yako?"

"Ndiyo," alisema Wanu.

Kwa nini asiseme ndiyo? Hakuulizwa anataka nini. Aliulizwa atakwenda, na mkubwa akikwambia utakwenda, unakwenda. Neno alilofunzwa kulikimbia ni moja tu, kutaka, na shehe alilitumia kwa mama, hakulitumia kwa baba.

"Shehe, muulize tena!" Mwanapili alikuwa ameshapiga magoti. "Mara moja tu, muulize!"

"Keshajibu mara mbili, mwanangu."

"Ndiyo maana! Mara mbili si kitu! Mara mbili ni adabu tu!"

Shehe alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye uchungu umemchanganya. Mwanapili akaanza kueleza habari ya gubiti, ya Bi Duni, ya mara tatu, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hila iliyotungwa papo hapo. Wanu, aliyekuwa hajui kosa lake, alianza kulia kwa kuwa mama yake analia.

"Umesikia mwenyewe," alisema Masoud taratibu. "Usimtese mtoto."

Shehe alimwachia mlango mmoja. Alisema kauli ya mtoto si msumari wa chuma. Akibadili, atasikilizwa. "Lakini aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya baba yake, kwamba anataka kurudi kwako. Akisema hivyo, mimi ntamrudisha siku hiyo hiyo."

Bi Duni alipopewa habari hakulia. Alitia ubuyu kwenye karatasi ya mteja, akaifunga, ndipo akasema: "Umemfunza mwenyewe. Umemfunza ukamaliza."

Siku zilizofuata Mwanapili hakupika gubiti. Sukari yenyewe mwaka ule ilikuwa haionekani. Ikifika dukani, foleni inazunguka kichochoro, na kila nyumba inapata kidogo chake kwa kadi, na unga wa ngano ulikuwa ndio adimu zaidi. Alikaa ghorofani na kuutazama msumari. Wiki moja ikapita, ya pili ikaanza. Alimpelekea Masoud salamu kwamba anataka kumwona mtoto, na Masoud akajibu kwamba mtoto ndiyo kwanza anazoea, na amwache kidogo.

Siku moja asubuhi aliniita nije nimsaidie kushusha sufuria kutoka juu ya kabati. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekumbuka kitu.

Kabla hajaolewa, alipokuwa msichana, Mwanapili alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu kule Vuga. Kila mwezi wa Disemba bibi wa nyumba alioka mkate mkavu wa tangawizi, akaukata kuta na paa, akazisimamisha kwa sukari, akafanya nyumba ya kweli yenye mlango na dohani, na watoto wakaipamba kwa peremende za rangi zote kutoka kwenye makopo. Halafu, siku ya sikukuu, wanaivunja na kuila. Wale watu walikuwa wamekwisha ondoka siku nyingi. Lakini Mwanapili alikuwa akimhadithia Wanu habari ya ile nyumba, na siku moja, bila ya kuulizwa, mtoto aliropoka: "Mama, nnataka nyumba ile!" Lilimtoka tu. Na Mwanapili akamfinya.

"Mara moja katika maisha yake kasema nnataka," aliniambia, "na mimi nkamfinya. Sasa ntaijenga. Ntaiweka mbele ya baba yake, na lile neno litamtoka tena. Likishatoka moja, la pili halina pa kukaa. Ntamuuliza na habari ya kurudi kwangu, papo hapo, kinywa bado ki wazi."

Huo ndio uliokuwa mpango wake wote.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Huyu alimpa sukari nusu kikombe ndani ya karatasi ya gazeti, yule kiganja kimoja cha unga, mwingine kipande cha sukari guru kilichogandana na kamba. Doti yake mpya ya kanga ilikwenda kwa mwanamke wa Darajani aliyekuwa ameficha unga wa ngano chini ya kitanda. Tangawizi aliitwanga na karafuu na mdalasini. Mkate aliuoka katika sufuria, kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, vipande vyembamba, kimoja kimoja.

Vitatu viliungua. Bi Duni alivila.

"Nyumba yako chungu," alisema.

"Hicho ni cha jikoni, Bi Duni. Jikoni kuna moshi."

"Na choo kiko wapi? Mimi sihamii nyumba haina choo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mwanapili akicheka tangu siku ya shehe, na kicheko hicho kilikatika katikati.

Adui alikuwa hewa. Katika masika ya Unguja hata chumvi inatoa jasho. Gubiti alizozivuta asubuhi zilikuwa zinanata adhuhuri, na michirizi yake myekundu ikianza kutoka machozi. Alisimamisha kuta kwa sukari iliyochemka, akaunguza vidole, akaliweka paa, na alipogeuka kuchukua dohani paa likateleza likaanguka. Alilisimamisha tena. Sisimizi wakaja, akaitia miguu ya meza katika makopo ya maji. Siku ya tatu nyumba ilisimama. Ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ya rangi ya kahawia, imepinda kidogo upande wa kushoto. Gubiti nyeupe na nyekundu alizipanga juu ya paa kama vigae, akazizungusha mlangoni kama nakshi za milango ya Mji Mkongwe, na juu kabisa akachomeka moja nzima.

Nimekula vyakula vizuri zaidi katika miji mikubwa zaidi. Sijawahi kuogopa chakula kama nilivyoiogopa nyumba ile.

Aliondoka Ijumaa mapema, ili amkute Masoud nyumbani. Gari hakutaka, alihofia mitikisiko, akaiweka nyumba juu ya sinia, sinia juu ya kichwa, mwavuli mkononi, akaenda kwa miguu. Nilimbebea kikapu cha nguo za Wanu. Karibu na Kibweni mtu wa baiskeli alipunguza mwendo akamtazama.

"Bibi, hiyo nyumba inapangishwa?"

"Ina mwenyewe," alijibu, bila ya kugeuza shingo.

"Basi mwambie paa linavuja!"

Na kweli lilikuwa linavuja. Tone la sukari nyekundu lilikuwa limeshuka kwenye sinia na kufika katika paji la uso wake. Aliongeza hatua.

Bububu tulimkuta Masoud barazani kwake, anakunywa chai. Aliinuka, akampokea sinia kwa mikono yake, akaiweka juu ya mkeka. Aliizunguka, akichungulia pembe zake. Fundi ni fundi.

"Nani kakujengea?"

"Mimi."

"Paa lako limelala upande mmoja." Akaingiza kidole chini ya ukingo wake, taratibu sana, akalisukuma mpaka likakaa sawa. "Sasa zuri."

Sichana alitoka na maji ya kunywa. "Karibu dada, pumzika. Kutoka mjini kwa miguu, na mvua hii!" Kisha akaita: "Wanu!"

"Labeka!"

Alitoka uani akiwa na watoto wanne wa Sichana nyuma yake. Alikuwa amenawiri. Jino moja lilikuwa limeanza kuota. Alimwamkia mama yake, akamkumbatia kiunoni, halafu akaiona nyumba.

Mwanapili alichuchumaa. Aliifuta midomo yake kwa ncha ya kanga kabla ya kusema.

"Wanu, mwanangu. Unataka?"

"Nnataka!"

Alisema kabla swali halijaisha, na mkono wake ulikuwa umeshang'oa gubiti ya mlangoni. Watoto wa Sichana hawakungoja hata kuulizwa. Dohani ikaenda, kisha ukuta wa nyuma, kisha paa lote likaondoka na mvulana mkubwa. Katika nyumba ya watoto watano, mtu anayengoja kuulizwa mara tatu analala na njaa, na Wanu alikuwa amelijua hilo katika wiki tatu. Alikuwa anatafuna kwa nguvu, sukari imemjaa mashavuni, anasukuma wenzake kwa kiwiko na kucheka.

Nilimwona Mwanapili akifurahi. Kufuli lilikuwa limefunguka. Alimshika mtoto mabega yote mawili akamgeuza, Masoud akiwa amesimama hapo hapo.

"Na kurudi kwa mama, unataka?"

Wanu alimeza.

"Sitaki."

Hakusema ahsante.

"Hutaki, Wanu?"

Mtoto alitupa jicho kwenye sinia, ambako watoto walikuwa wamefikia kuta za mbele, kisha akarudisha macho kwa mama yake. "Sitaki, mama."

Masoud alitazama barabarani. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Sichana alisema kwa sauti ya chini, "Watoto hawa, dada, hawajui wanalosema."

Kinywa cha Mwanapili kilikuwa wazi kwa swali la tatu. Nililiona limeshafika kwenye ulimi. Ile sitaki aliyoisikia ilikuwa ipi? Kama ni ya Mkunazini, basi swali moja zaidi na mikono miwili itanyooka. Kama ni ya Bububu, ya mtoto aliyekwisha jifunza kusema anachotaka na asichotaka, basi swali hilo moja zaidi litafunga mlango ambao shehe aliuacha wazi, na litaufunga mbele ya mashahidi. Aliutazama uso wa mtoto wake aliyemzaa na kumlea miaka saba, akitafuta. Ulikuwa umepakaa sukari tu.

Akafumba mdomo.

"Kula, mwanangu," alisema. "Taratibu. Tangawizi ina ukali."

Tulirudi kwa gari. Wiki ile ile shehe alikutana naye sokoni, akamuuliza kama alikwenda Bububu, na mtoto kasemaje.

"Bado sijamaliza kumuuliza," alijibu Mwanapili, na akaondoka bila ya kuchukua ndizi alizokwisha zichagua.

Mpaka mimi naondoka Unguja, mwisho wa mwaka, alikuwa akienda Bububu kila Ijumaa. Alimuuliza Wanu habari ya chuo cha Kurani, ya jino, ya chawa, ya ndoto alizoota. Hilo moja hakuliuliza. Gubiti alirudia kuzivuta pale sukari ilipopatikana, na yule mzee wa forodhani alirudi na leso yake. Bi Duni alijaribu mara nyingi kumsukuma, na mara ya mwisho nilikuwepo.

"Muulize, Mwanapili. Muulize basi ujue moja, roho yako itulie."

Mwanapili alikuwa amesimama mbele ya msumari, sukari nyeupe mikononi, anavuta.

"Nikishajua, Bi Duni," alisema, "ntakaa na nani?"